Dira, Hatua na Picha: Hesabu ya Sisimizi katika Nyika ya Ukambani

Mwishoni mwa Agosti 1851, Johann Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani aliyekuwa akiishi Rabai, alijikuta peke yake katika nyika iliyo kati ya Mto Tana na Kitui. Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui aliyemwongoza safarini, alikuwa ameuawa na wanyang'anyi karibu na mto, na msafara ulikuwa umetawanyika. Krapf alijaza maji katika mitutu ya bunduki na katika mfuko wa darubini yake, akaanza kutafuta njia ya kurudi, akitembea usiku na kujificha mchana. Njaa ilipomzidi alitafuna majani na mizizi, na kulipokucha akafungua kinywa kwa sisimizi. Ameyasimulia hayo mwenyewe katika kitabu cha safari zake kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1860.

Krapf hakuwa mtu asiyejua kutazama upeo wa macho. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, aliuona Mlima Kenya kwa mbali na kuutangazia ulimwengu wa Ulaya. Alichokosa mwaka 1851 ni mambo matatu ambayo wadudu aliowala walikuwa nayo: dira ya angani, hesabu ya mwendo, na kumbukumbu ya sura ya mahali. Giza lilimfichia vilima, mbio za kuokoa roho zilivuruga hesabu ya alikotoka, na vichaka alivyovipenya hakuwahi kuviona kutoka upande ule. Aliokoka na kufika Rabai, lakini kwa taabu kubwa.

Sisimizi anayeishi katika nchi kavu hufanya safari ya namna hiyo kila siku, mchana kweupe, juu ya ardhi inayounguza, na hurudi kwenye tundu lisilozidi upana wa kidole. Vyombo vyake vitatu viligunduliwa kimoja baada ya kingine kwa muda wa karne nzima, hasa Tunisia, Namibia na Australia. Tukivileta Kitui na Makueni, huko Ukambani karibu na ikweta, tunaona jambo ambalo Tunisia halionekani: hapa dira ya jua ina pengo, na mzigo huangukia vichaka na miti.

Kioo cha daktari wa Kairouan

Dira ndiyo iliyogunduliwa mapema. Felix Santschi, daktari Mswisi aliyekuwa akitibu wagonjwa Kairouan, Tunisia, alichapisha mwaka 1911 jaribio lisilohitaji maabara. Alimwekea kinga sisimizi aliyekuwa njiani kurudi, asilione jua, kisha akatumia kioo kumwonyesha jua kutoka upande wa pili. Sisimizi akageuka, akaenda kinyume cha nyumbani. Kioo kilipoondolewa, akarudia mwelekeo wake. Hapo ikajulikana kwamba jua ndilo lililokuwa likimwongoza, wala si harufu ya njia.

Baadaye Santschi aliona kwamba hata kipande cha anga kisicho na jua kilimtosha sisimizi, ila hakuweza kueleza sababu. Jibu lilipatikana mwaka 1949, Karl von Frisch alipothibitisha kwa nyuki kwamba wadudu huona jambo ambalo jicho la binadamu halilioni vizuri. Mwanga wa jua unapogonga hewa, mtetemo wake huelemea upande mmoja, na mielekeo ya mitetemo hiyo hupangika angani kwa duara zinazolizunguka jua. Mdudu anayeusoma mpangilio huo anajua jua liko wapi hata likiwa nyuma ya wingu au mti. Rüdiger Wehner wa Chuo Kikuu cha Zürich, aliyeanza kuwachunguza sisimizi wa jangwani wa jenasi ya Cataglyphis mwishoni mwa miaka ya 1960, alionyesha na wenzake kwamba kazi hiyo hufanywa na ukingo mdogo wa juu wa jicho, wenye vipokezi vya mwanga wa urujuanimno.

Jua halitulii. Dunia inapozunguka, jua husogea angani nyuzi 15 kwa saa, na upande linakoonekana hubadilika nalo. Sisimizi hufidia badiliko hilo kwa saa iliyo mwilini mwake. Kwa hiyo dira hii ni anga pamoja na wakati, na kimoja bila kingine hakifai.

Miguu ya bandia

Dira humwambia msafiri aelekee wapi, haimwambii asimame wapi. Chombo cha pili kilithibitishwa mwaka 2006 na Matthias Wittlinger, Wehner na Harald Wolf. Waliwazoesha sisimizi kwenda kwenye chakula kupitia mfereji wa mita 10. Walipofika kwenye chakula, baadhi waligundishiwa nywele ngumu za nguruwe miguuni ili miguu iwe mirefu, na wengine walikatwa ncha za miguu ili iwe mifupi. Kisha wote wakaachwa warudi kwa mfereji mwingine.

Wale ambao hawakuguswa walianza kutafuta tundu baada ya takriban mita 10.20, yaani karibu kabisa na mahali lilipostahili kuwa. Wenye miguu mirefu walipitiliza hadi mita 15.30. Wenye miguu mifupi waliishia mita 5.75. Walikuwa wamehifadhi idadi ya hatua, na hatua zilipobadilika urefu, umbali nao ukabadilika. Jaribio lilifungwa vizuri na sehemu yake ya pili: sisimizi walewale walipotoka upya wakiwa na miguu yao mipya, wakaenda na kurudi kwa hatua za urefu uleule, walipata umbali sahihi.

Kwa nchi ya milima kama Mbooni na Kilungu linazuka swali: mdudu anayepanda na kushuka anahesabu urefu wa mteremko, au umbali wa ardhi kama ingekuwa tambarare? Mwaka 2001 Sandra Wohlgemuth, Bernhard Ronacher na Wehner waliwapitisha sisimizi kwenye mfereji wenye vilima mfululizo, kisha wakawapima kwenye mfereji wa tambarare. Wadudu walitafuta tundu katika umbali wa tambarare. Kwa namna fulani wanapunguza mwinamo kwenye hesabu, kazi ambayo mpima ardhi huifanyia kwa vifaa.

Unganisha dira na hatua, nawe unapata kile ambacho watafiti huita ujumlishaji wa njia. Sisimizi anapozungukazunguka akitafuta mdudu aliyekufa kwa joto, ubongo wake wenye uzito wa takriban sehemu ya kumi ya miligramu hujumlisha kila kipande cha mwendo na kila mgeuko. Wakati wowote anao mshale mmoja moyoni: nyumbani ni upande huu, umbali huu. Akipata chakula haoni haja ya kufuata alikopita, anakata moja kwa moja.

Udhaifu wa mshale huo huonekana ukimchukua sisimizi kwenye chakula na kumweka mahali pengine kwenye uwanda mtupu. Atakimbia upande uleule na umbali uleule, atafika mahali pasipo na kitu, kisha ataanza kuzunguka. Mwaka 1981 Wehner na Mandyam Srinivasan walionyesha kwamba mzunguko huo una utaratibu: sisimizi hutoka kwa mizingo inayopanuka, akirudi kila mara kwenye kitovu alichokidhania nyumbani. Yaani maumbile yamekubali kwamba hesabu itakosea kidogo, yakaweka utaratibu wa kurekebisha.

Jua linapokaa utosini

Kairouan iko karibu nyuzi 36 kaskazini mwa ikweta. Hata katika kilele cha kiangazi, jua la adhuhuri huko haliwi utosini. Daima limeegemea kusini, na mtu aliyesimama ana kivuli. Mji wa Kitui uko takriban nyuzi 1.4 kusini mwa ikweta, na Kibwezi karibu nyuzi 2.4. Tofauti hiyo inabadilisha jiometri nzima ya dira.

Katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba, jua hupita karibu kabisa na utosi wa Kitui. Asubuhi yote linakaa upande wa mashariki, karibu bila kusogea kulia wala kushoto; ikifika adhuhuri linahama ghafla, na ndani ya dakika chache liko magharibi. Katika dakika hizo halielekezi popote. Mpangilio wa mwanga wa angani nao unakuwa duara kamili kuzunguka kichwa cha mdudu, sawasawa pande zote, hivyo hauwezi kumtofautishia kaskazini na kusini. Linaongezeka jambo la pili: mwezi wa Juni jua la adhuhuri Kitui hupitia upande wa kaskazini, na Desemba hupitia kusini. Saa ya mwilini inayofidia mwendo wa jua lazima ijue msimu, la sivyo itafidia kinyume.

Kwamba wadudu hupata shida hiyo si nadharia tupu. Martin Lindauer, mwanafunzi wa von Frisch, alichunguza nyuki Sri Lanka katika miaka ya 1950. Aliona kwamba jua linapokuwa karibu kabisa na utosi, ngoma ya nyuki ya kuelekezana maua huvurugika, kisha hurejea jua likishapita.

Na saa hiyo ya adhuhuri ndiyo saa ya kazi kwa sisimizi wanaopenda joto. Katika nchi kavu za Afrika wako Ocymyrmex, wenye miguu mirefu na mbio za ajabu, ambao huenea kutoka Namib hadi nchi kavu za Afrika Mashariki. Chakula chao ni wadudu wanaokufa kwa jua kali, kwa hiyo hawawezi kungoja jioni. Dira inapofifia wakati wa mavuno, lazima kitu kingine kiibebe safari.

Macho mabaya, kumbukumbu nzuri

Kitu hicho ni picha. Jicho la Cataglyphis lina vijicho takriban 1,000 tu, kila kimoja kikiona nukta moja pana. Halisomi majani wala gome la mti. Linachokiona vizuri ni mpaka wa anga na ardhi: anga hung'aa kwa urujuanimno, na miti, mawe na vilima huonekana kama umbo jeusi lenye ncha na mabonde.

Mwaka 1979 Wehner na Räber waliweka mitungi miwili ya duara kila upande wa tundu. Sisimizi waliozoea walipelekwa penye mitungi kama hiyo bila tundu, wakatafuta katikati. Mitungi ilipotenganishwa kwa umbali maradufu, hawakutafuta tena katikati. Kila mmoja alitafuta karibu na mtungi mmoja, umbali uleule aliouzoea. Lakini mitungi ilipoongezwa ukubwa mara mbili pia, walirudi katikati. Kilichohifadhiwa hakikuwa ramani ya mahali bali sura jinsi inavyoonekana jichoni, na sisimizi husogea hadi sura anayoiona ifanane na ile aliyoihifadhi.

Mwaka 2009 Paul Graham na Ken Cheng walilipeleka jambo hili Australia ya kati, kwa sisimizi aitwaye Melophorus bagoti anayeishi kati ya mafungu ya nyasi na miti. Walijenga upeo bandia wenye umbo la upeo wa asili, wakaugeuza. Sisimizi waliufuata upeo huo bandia. Umbo la ukingo wa anga peke yake lilitosha kuwaelekeza.

Hapa ndipo sura ya nchi ya Ukambani inapoingia katika hesabu. Alama za mbali na za karibu hazifanyi kazi moja. Ukitembea mita 50, Vilima vya Chyulu havisogei machoni. Ni vizuri kwa kushika mwelekeo, lakini havikuambii umefika wapi. Uwanda wa juu wa Yatta, lava iliyoganda kwa urefu wa takriban kilomita 300, ni dhaifu zaidi: ukingo wake ni ulalo ulionyooka, unaonekana vilevile kutoka sehemu nyingi, hivyo humwambia msafiri yuko upande gani wa uwanda, basi. Jiwe la Nzambani karibu na mji wa Kitui ni bora kwa sababu limejitenga na umbo lake halifanani na kitu kingine. Lakini kwa mdudu anayesafiri mita chache, alama zenye thamani kubwa ni mgunga, mbuyu au kichuguu kilicho hatua kadhaa kutoka tunduni, kwa kuwa hivyo hubadilika ukubwa na nafasi kila anaposogea.

Mdudu hazaliwi na picha hizo. Sisimizi anayeanza kazi ya nje hutumia siku mbili au tatu za mwanzo akizunguka karibu na tundu, akisimama na kugeuka kulitazama lilipo, kabla ya kwenda kutafuta chakula. Martin Müller na Wehner walionyesha mwaka 2010, kwa Ocymyrmex wa Namib, kwamba hata mzoefu huyarudia mazoezi hayo alama mpya ikiwekwa karibu na tundu. Ajabu ni kwamba katika matembezi hayo analitazama tundu lenyewe ingawa halioni, kwa kuwa liko chini kwenye usawa wa ardhi; mshale wa hesabu ndio unaomwambia atazame wapi. Mwaka 2018 Pauline Fleischmann na wenzake, wakifanya kazi Ugiriki, waligundua kwamba wanagenzi wa Cataglyphis huko huutumia usumaku wa dunia kushika upande huo. Kwa hiyo picha hutegemea dira wakati wa kujifunza, na dira hutegemea picha wakati wa kukosea.

Kuna dalili moja ambayo mtu yeyote anaweza kuitazama uani kwake. Sisimizi anayeburuta mzigo mkubwa hutembea kinyumenyume, kwa hiyo picha zake zote ziko upande usiofaa. Mwaka 2017 Sebastian Schwarz na wenzake walieleza jinsi Cataglyphis wa Hispania wanavyouacha mzigo, wakageuka kuangalia mbele, kisha wakaurudia na kuuburuta katika mwelekeo waliousahihisha.

Dari la majani

Si kila mahali Ukambani kuna upeo wazi. Katika msitu wa Kibwezi au kwenye vichaka vinene vya mtoni, anga huonekana vipandevipande. Sungusungu wakubwa wanaonuka, Paltothyreus tarsatus, walioenea Afrika kusini mwa Sahara, wana jibu lao. Bert Hölldobler alionyesha mwaka 1980 kwamba hukumbuka mchoro wa matawi na mianya ya mwanga juu ya vichwa vyao. Mchoro wa dari ulipogeuzwa katika majaribio, wadudu nao waligeuka. Ni chombo kilekile cha picha, ila kimeelekezwa juu.

Mti unapokatwa

Je, chombo kipi hushinda vikigombana? Hutegemea mdudu amezaliwa wapi. Cataglyphis wa uwanda mtupu wa chumvi Tunisia, akihamishwa, hukimbia mshale wake karibu wote kabla ya kuanza kutafuta. Melophorus wa vichakani Australia huuacha mapema, kama nusu ya njia, pale asipoona sura aliyoizoea. Anayeishi penye alama nyingi huzipa alama uzito mkubwa. Kwa mantiki hiyo, sisimizi wa vichaka vya Kitui na Makueni, mwenye alama tele na dira inayofifia adhuhuri mara mbili kwa mwaka, anatazamiwa kuelemea upande wa picha.

Uzito huo una gharama. Mwaka 2017 Ajay Narendra na Fiorella Ramirez-Esquivel walichapisha kilichotokea Australia miti mitatu ilipokatwa karibu na kiota cha sisimizi wa usiku, Myrmecia pyriformis. Wadudu walipunguza mwendo, njia zao zikapinda, na waliofanikiwa kutafuta chakula wakapungua kwa siku kadhaa. Kwa jicho la mtu mabadiliko yalikuwa madogo. Kwa sisimizi nyumba ilikuwa imebadilishwa sura.

Kitui inaijua habari ya kukata miti. Januari 2018 Gavana Charity Ngilu alipiga marufuku biashara ya makaa katika kaunti hiyo, na mjadala ukahusu mvua, mito na riziki za watu, kama ilivyostahili. Mgunga unaoingia kwenye tanuri la makaa ni pia kipande cha upeo ambacho viumbe wa chini walikuwa wakikitumia kupata nyumbani, na sisimizi ndio wanaobeba mizoga, kusambaza mbegu na kupekua udongo wa mashamba hayo.

Jaribio linalofaa Ukambani

Santschi alitumia kioo na ubao. Darasa la biolojia la Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, pale Kwa Vonza, au la shule yoyote ya sekondari Makueni, linaweza kufanya hatua inayofuata kwa makombo ya biskuti, tepu ya kupimia na shuka nyeusi. Wachukue sisimizi waliofika kwenye chambo, wawahamishie kwenye uwanja wa mpira, na wapime mwelekeo wa mita zao za kwanza. Wafanye hivyo saa tatu asubuhi na adhuhuri, katikati ya Machi na tena mwezi wa Juni, mara nyingine shuka ikizungushwa kufunika upeo.

Ikiwa pengo la dira ni la kweli, njia za adhuhuri ya Machi zitatawanyika kila upande upeo ukifunikwa, na zitanyooka tena ukifunuliwa. Za Juni zitanyooka katika hali zote mbili. Ikiwa zitanyooka hata adhuhuri ya Machi bila upeo, basi jua la utosini halimzuii sisimizi wa ikweta, na patahitajika kutafutwa chombo cha nne kinachofanya kazi saa hiyo. Usumaku uliogunduliwa Ugiriki ndio wa kwanza kushukiwa, na sumaku ya dukani inatosha kuanza kuupima.